Kichupa cha Wanja: Tunapaka Nini Machoni?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu vijana, wazazi wetu na walimu wetu, mada hii niliitoa kwa mdomo baada ya swala ya alasiri hapa Thika, wiki ya kwanza ya Ramadhani, kisha ndugu zetu wa Ruiru wakaniita niirudie kwao. Baadaye nikaombwa niiandike kwa ajili ya jarida. Nimeiandika karibu vile nilivyoisema, kwa hivyo mtanisamehe mkiniona naongea badala ya kuandika. Jingine la kutanguliza ni hili: mimi si shekhe wala si daktari. Nilisoma madrasa mpaka nikahitimu, na sasa niko chuo kikuu nasoma kemia. Basi ya kemia nitayasema mwenyewe, na ya fiqhi nitataja tu nilichofunzwa, na ustadh alikuwepo siku hiyo kunirekebisha.

Mambo yalianza kwa kichupa. Nyanya yangu anakaa Majengo hapa Thika, na tangu nilipopata akili nimekiona kichupa chake cha wanja wa manga juu ya kabati, pamoja na kijiti chake cha kupakia. Kikiisha hununua kingine. Dada yangu ameolewa Ruiru, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nyanya alipanda matatu na kichupa chake mkobani. Mtoto akapakwa machoni, akachorwa nyusi, akatiwa na doa jeusi kwenye paji la uso. Nani kati yetu hakupakwa hivyo? Picha zetu za utotoni zote tuna nyusi kama za watu wazima.

Siku hizo hizo kuna ujumbe ulikuwa unazunguka kwenye simu, bila shaka hata wewe msomaji ulikufikia, kwamba wanasayansi wa Ufaransa wamegundua wanja ni dawa ya macho, na kwamba Sunna imethibitishwa na maabara. Nilifurahi. Nikautuma kwa watu kama thelathini hivi kabla ya kuusoma utafiti wenyewe. Hilo ni kosa langu, na hii mada kwa kiasi fulani ni kafara yake.

Sasa hebu tuutazame huo utafiti, kwa sababu ni wa kweli na ni mzuri sana.

Katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris mna vyombo vidogo vya vipodozi vya Wamisri wa kale. Vingine ni vya alabasta, vingine vya mbao, vingine ni vipande vya mwanzi tu, na ajabu ni kwamba unga wenyewe bado umo ndani, umehifadhiwa makaburini tangu kati ya miaka 2000 na 1200 kabla ya Nabii Isa (a.s.). Kundi la watafiti likiongozwa na Philippe Walter lilichukua chembe za unga huo na kuzipima kwa miale ya eksirei, nyingine kwenye mtambo mkubwa wa Grenoble. Nieleze kidogo namna inavyofanya kazi. Kila madini yana mpangilio wake wa chembe ndani, na miale ikiyapiga hutawanyika kwa pembe zake maalumu, haifanani na ya madini mengine. Ni kama sauti ya mtu nyuma ya pazia: humwoni, lakini unamjua ni nani. Hapo huhitaji kuamini jina lililoandikwa kwenye chupa, unga wenyewe unajitaja.

Unga ukajitaja hivi. Jeusi lake lilikuwa galena, yaani jiwe la risasi na kiberiti. Nasema risasi kwa maana ya yale madini ya betri ya gari, ambayo shuleni tunayaita ledi. Pamoja na galena kulikuwa na unga mweupe wa aina tatu, wote wa risasi, na aina mbili kati ya hizo, laurionaiti na fosijenaiti, ni nadra sana kupatikana ardhini. Watafiti wakajiuliza, Wamisri walizitoa wapi kwa wingi hivyo? Jibu walilochapisha mwaka 1999 ni kwamba walizitengeneza. Unasaga oksaidi ya risasi, unaichanganya na chumvi ndani ya maji, unachuja, unarudia kila siku kwa majuma kadhaa. Yaani miaka 4000 iliyopita, watu wa mto Nile walikuwa wakifanya kemia ya majimaji ambayo mimi nafundishwa leo nikiwa na koti jeupe. Nilipolisoma hilo nilijiona mdogo.

Kwa nini wajisumbue? Wamisri wenyewe walisema ni dawa. Ile karatasi ya mafunjo iitwayo Ebers, iliyoandikwa karibu mwaka 1550 kabla ya Nabii Isa na ambayo sasa iko Leipzig, Ujerumani, ina sehemu nzima ya dawa za macho. Ndipo mwaka 2010 Walter, pamoja na mkemia Christian Amatore na wenzao, wakajaribu. Walichukua seli moja moja za ngozi ya binadamu, wakaziwekea risasi kidogo mno kutoka kwa laurionaiti, na kuzisikiliza kwa uzi mwembamba wa kaboni. Seli zikatoa naitriki oksaidi zaidi, hata kwa asilimia 240. Hiyo ni ishara ambayo mwili hutumia kuita askari wake dhidi ya vijidudu. Basi huenda katika bonde lile la mafuriko na nzi, wanja ule ulisaidia macho yasiugue.

Huo ndio utafiti. Soma tena: ni seli ndani ya maabara, ni kiasi kidogo mno, na ni chumvi ya risasi iliyotengenezwa makusudi. Hakuna mtoto aliyepakwa. Hakuna kichupa cha dukani kilichopimwa. Ujumbe wetu wa simu ulichukua nusu ya habari ukaacha nusu.

Na hata Wamisri hawakuwa na wanja mmoja. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mwingine, wa vyombo 11 vya Makumbusho ya Petrie, London, na ikaonekana mapishi yao yalikuwa mengi: baadhi hayakutegemea risasi hata kidogo, yalikuwa na manganizi, au mafuta na vitu vya mimea.

Hapa mzee mmoja pale Thika aliinua mkono, akasema, "Kijana, hayo ni ya Firauni. Sisi tunafuata ya Mtume." Amesema kweli, na swali lake ndilo zito kuliko yote.

Imepokewa katika vitabu vya Sunan, kwa Tirmidhi na wengineo, kwamba Mtume (s.a.w.) aliusifia ithmid, kuwa unasafisha uoni na kuotesha kope. Hilo hatuna ubishi nalo. Lakini ithmid ni nini? Wengi huifasiri kuwa antimoni. Ibnul Qayyim ameueleza kuwa ni jiwe la wanja mweusi, na bora yake ni ile inayoletwa kutoka Isfahan. Watu wa zamani waliyapa mawe majina kwa rangi, uzito na mng'aro. Jiwe la antimoni na jiwe la risasi yote mawili ni meusi yanayong'aa, na yakishasagwa hata mimi sitakwambia lipi ni lipi kwa macho. Kwa hivyo jina lilisafiri karne kumi na nne, kutoka mkono hadi mkono, soko hadi soko, na kile kilichomo ndani ya jina kikawa kinabadilika.

Pwani yetu iko ndani ya safari hiyo. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vijiti vya shaba vya kupakia wanja, na nikiviona pichani naona kijiti cha nyanya. Na sisi wenyewe tunauita wanja wa manga, yaani wa Arabuni, wa upande wa Omani. Basi Omani wanasemaje? Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, Muscat, walichapisha vipimo vya wanja zinazouzwa na kutengenezwa nchini humo. Baadhi zilikuwa galena, risasi hiyo hiyo. Nyingine zilikuwa masizi ya kaboni tu. Antimoni, ambayo watu wengi walidhani wanainunua, haikuwa ndiyo msingi wake. Kumbuka hiyo ni Muscat, huko huko manga.

Nami nikasema, kabla sijamhukumu mtu, nipime cha kwetu. Mwalimu mmoja wa maabara aliniruhusu. Wale mliofanya kemia kidato cha nne mnaikumbuka hii, ni ile ile ya mtihani. Nilichota unga wa kichupa cha nyanya, kilichonunuliwa duka moja mjini na juu yake kimeandikwa ithmid kwa Kiarabu kizuri kabisa. Nikautia asidi ya naitriki iliyopunguzwa makali, nikaupasha moto ndani ya kabati la hewa, nikachuja. Yale maji meupe nikayatia asidi ya chumvi, ukatuama unga mweupe. Huo unga nikauyeyusha kwa maji ya moto, kisha nikadondoshea potasiamu ayodaidi.

Ikatoka manjano. Manjano ya bizari. Nikapasha moto tena, rangi ikapotea. Nikaacha ipoe, zikaanza kushuka chembe zinazometa kama vumbi la dhahabu. Ndugu zangu, ni kitu kizuri sana kukitazama, na nilikuwa nakitazama huku moyo umeniruka, kwa sababu hiyo ni risasi, haina jina jingine.

Nikapiga hesabu. Katika gramu 100 za galena safi, gramu 86 na ushei ni risasi. Sijui kichupa chetu kilikuwa safi kiasi gani, mtihani wangu ulisema ipo, haukusema kiasi. Lakini kitu kama hicho hakikuwa cha kukaa usoni mwa mtoto wa wiki moja.

Mtu atasema, mbona ni machoni tu, haliwi? Turudi kwenye fiqhi yetu ya Ramadhani. Kila mwaka watu huuliza kama wanja unafunguza. Mashafii, ambao wengi wetu hapa tunawafuata, na Mahanafi wanasema haufunguzi. Malik na wafuasi wake, na Mahanbali pia, wanasema ukifika kooni unafunguza. Mimi nilisoma khitilafu hiyo nikiwa na miaka kumi na miwili na sikuwahi kujiuliza ni vipi wanja utafika kooni. Kumbe wale mafakihi walishajua kwamba watu huonja ladha yake. Leo daktari atakuonyesha: pembeni mwa jicho kuna tundu dogo linalomwaga machozi puani, na kutoka puani hadi kooni. Ndiyo maana ukilia unapiga kamasi. Sitoi fatwa ya saumu hapa, nakuonyesha njia tu. Na mtoto mchanga hahitaji hata njia hiyo. Anasugua macho kwa kiganja, kiganja anakitia kinywani, siku nzima.

Ikishaingia, inakwenda wapi? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichoingia tumboni. Inapunguza damu, inaharibu ubongo unaokua, na hukaa kwenye mifupa miaka na miaka. Mama akishika mimba, ile iliyolala mifupani mwake inaweza kuamka na kumfikia mtoto tumboni. Na ubaya wake ni ukimya. Mtoto hana homa, haharishi, anacheka. Labda akifika darasa la tatu ndipo unaambiwa hatulii, hasomi vizuri, na wewe unamchapa.

Kenya tumekwisha kuuona msiba huu kwa sura nyingine. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wanakijiji risasi hewani na majini. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliwapigania mpaka mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sote tulipiga makofi. Hakuna aliyetazama juu ya kabati lake.

Sasa nifike mahali pagumu. Nilitoka maabara nikaenda moja kwa moja Majengo, nikamwambia nyanya, mbele ya majirani, kwamba amempa mjukuu wake sumu. Ndivyo nilivyosema, kwa neno hilo. Nyanya alinitazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mimi nimepakwa, mama yako nimempaka, na wewe nilikupaka kwa mkono huu. Kwani umekuwa mjinga? Si uko chuo kikuu?" Sikuwa na jibu. Majirani wakacheka, nami nikaondoka na chupa yangu ya maabara kama mwizi.

Jibu nililipata baadaye, na ni hili: risasi haikufanyi punguani, inakupunguza. Pengine nilikuwa niwe na kitu zaidi nisichokijua. Lakini hilo unamwambiaje bibi wa miaka sabini na saba aliyekulea?

Aliyenisaidia ni ustadh. Alikwenda kwake siku mbili baadaye, akanywa chai, hakutaja kemia. Alimweleza habari za waganga wa macho wa Kiislamu, waliokuwa wakiitwa kahhal, watu wa wanja, kama Ali bin Isa wa Baghdad, miaka 1000 iliyopita, ambaye kitabu chake cha macho kilisomwa Mashariki na Ulaya. Akamweleza vilevile habari ya ar-Razi, kwamba alipotaka kujua zebaki inafanya nini alimnywesha nyani kwanza, hakumnywesha mtu. Akamkumbusha maana ya Hadithi mbili: ile inayokataza kudhuru na kudhuriana, na ile inayomtwika dhamana mtu anayetibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba. Kisha akamuuliza nyanya swali moja tu: huyo mwenye duka anajua amekuuzia nini?

Nyanya alinyamaza. Akasema wanja wa zamani hawakununua, mama yake huko pwani alikuwa akiwasha utambi kwenye mafuta, akaukingia kisahani, akakwangua masizi. Wa manga ulikuwa wa matajiri.

Tazama basi, ule wa kimaskini ndio usiokuwa na risasi. Sisemi masizi ni baraka tupu, na madaktari wanashauri mtoto mchanga asitiwe chochote machoni ila alichoandikiwa hospitali, kwa sababu hata kidole kichafu kinatosha kumletea maradhi. Ila mtu mzima anayetaka wanja na akajitengenezea wa masizi, angalau anajua kilichomo.

Kule Ruiru dada zetu waliniuliza habari ya hina, kwani Idd inakaribia. Nitapita haraka. Hina ni majani, rangi yake inaitwa losoni, na kwenye ngozi hutoka ya machungwa ikaiva kuelekea kahawia au nyekundu ya giza baada ya siku moja au mbili. Haitoki nyeusi. Ukipakwa kitu kikawa cheusi tii kwa dakika chache, hiyo ni piko, dawa ya kupaka nywele, na ndani yake mna kemikali ambayo Ulaya na Marekani haikubaliwi kupakwa ngozini. Inaweza kukutoa malengelenge na kukuachia mzio wa maisha. Msichana mdogo asipakwe. Wapakaji hina mlioko Thika na Ruiru, nawaheshimu, riziki yenu naijua, lakini mwambieni mteja ni ipi mnayompaka.

Mtu mwingine, baba mmoja, aliuliza afanye nini kama mtoto wake amekwisha kupakwa miezi mingi. Jibu: acha leo, mwoshe mikono, kisha mpeleke hospitali uombe kipimo cha damu cha risasi kwa jina lake, maana wasipoambiwa hawatakifikiria. Si kila hospitali inakifanya, pengine damu itapelekwa Nairobi. Usiogope kumwambia daktari ni wanja. Na kile kichupa usimpe jirani.

Dada yangu alifanya hivyo mwezi wa Rajab. Marekani wameweka mstari kwa watoto kwenye mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, tangu mwaka 2021, na daktari alitumia huo huo. Wa kwetu alikuwa juu ya mstari, si kwa mengi. Daktari alisema wanja uachwe kabisa, mama ale vyakula vyenye madini ya chuma, mtoto naye apewe vya namna hiyo akianza kula, na kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu inaangukia Mfunguo Mosi, wiki moja baada ya Idd inshaallah. Nyanya amesema atapanda matatu kwenda Ruiru, na yeye ndiye atakayempakata mtoto wakati wa kutolewa damu. Tuombeeni dua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.